Mama wa Kigoma, hiyo treni ya mtoto usiitupe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nimjibu mama wa Kigoma ambaye barua yake mliichapa hivi karibuni. Kwa wale iliyowapita: alisema treni ya kuchezea ya mwanawe, ya zamani kidogo, imekaa juu ya kabati kwa sababu rimoti yake imekufa. Akaenda dukani, akaambiwa rimoti haiuzwi peke yake, anunue seti nzima au aachane nayo. Akauliza kama yupo mtu yeyote Tanzania hii anayeuza rimoti za treni za watoto.

Mama (nakuita mama kwa heshima ya mtoto wako, ingawa kwa umri huenda wewe ni mwanangu), anayeuza mimi sijamwona, na hata ukimpata, rimoti atakayokupa huenda isielewane na treni yako. Kutengeneza ndiko kunakowezekana, na mara nyingi kwa pesa ndogo kuliko unavyodhani. Ila kuna sharti moja, na hilo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu: ukienda kwa fundi, nenda na treni. Usiende na rimoti peke yake.

Mimi ni mstaafu wa reli, upande wa simu na ishara. Baada ya kustaafu nilifungua kibanda cha kutengeneza redio hapa Isevya, Tabora. Redio zenyewe siku hizi ni chache, kwa hiyo napokea kinacholetwa: spika, taa za sola, ving'amuzi, feni, na rimoti. Rimoti za televisheni ndizo nyingi, na ndizo zilizowapotosha watu. Mtu amezoea kwamba ya televisheni ikifa anakwenda sokoni, ananunua ile inayokubali televisheni zote, anaingiza namba, picha inarudi. Basi anadhani kila rimoti duniani iko hivyo. Ya treni haiko hivyo, wala ya gari la mtoto.

Nichukue mfano uliopita mezani kwangu. Jirani yangu, gadi mstaafu wa treni, ana treni ya plastiki aliyoachiwa na mhandisi wa kigeni waliyefanya naye kazi, siku yule bwana anarudi kwao. Injini yake inafika shubiri moja na nusu, ina mabehewa, na njia yake inaungwa vipande vipande mpaka inakuwa duara. Betri kubwa za redio zinaingia kwenye behewa la makaa lililo nyuma ya injini. Rimoti ina vitufe vinne: mbele, nyuma, honi, na mlio wa mvuke. Mzee huyu ukimwambia anaichezea anakasirika. Anasema anaiendesha, basi, wajukuu wakija likizo.

Akaja kibandani na rimoti tu, ameitia kwenye bahasha.

"Fundi, nitafutie nyingine ya namna hii."

"Treni iko wapi?"

"Treni nzima. Mbovu ni hii."

"Umejuaje kwamba treni ni nzima?"

Akakunja uso. Gadi hapendi kuulizwa maswali, amezoea kuwa muulizaji. Lakini alikwenda akairudia, akarudi na boksi zima juu ya baiskeli ya mjukuu, na njia zake ndani.

Sababu ya kumrudisha ni hii. Rimoti ni nusu tu ya chombo. Nusu ya pili ni kipokezi kilicho tumboni mwa treni. Sisi wa ishara tulizoea hali hiyo: stesheni haiachii treni mpaka stesheni ya mbele imejibu, na chombo cha hapa bila mwenzake wa kule ni sanduku tu la chuma. Rimoti na treni ni hivyo hivyo. Lazima vilingane kwa mambo mawili, masafa na lugha.

Masafa kwanza. Vichezeo vingi vya zamani hutumia megahezi 27, vingine 40 au 49. Tazama chini ya treni au nyuma ya rimoti, mara nyingi namba imeandikwa kwenye karatasi ndogo au imechorwa kwenye plastiki yenyewe. Ndani ya hiyo 27 kuna vituo sita vinavyojulikana, kuanzia 26.995 hadi 27.255, na kila kimoja kina rangi yake: kahawia, nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu. Ninachokutana nacho zaidi ni 27.145, ambacho ni cha njano. Ukiwa na rimoti ya 40 na treni ya 27, bonyeza mpaka kidole kiote sugu.

Halafu lugha. Rimoti ya mzee nilipoifungua niliona chipu ya miguu 14 iliyoandikwa TX-2B. Mwenzake ndani ya treni ni RX-2B, wa miguu 16. Hawa ni ndugu wa siku nyingi kwenye vichezeo vya China na mafundi wengi wanawajua. TX-2B hutuma midundo na mwenzake huihesabu. Midundo 10 maana yake mbele, 40 nyuma, 58 kushoto, 64 kulia. Chipu ilibuniwa kwa ajili ya magari, na treni haina kulia wala kushoto, kwa hiyo kiwanda kilichukua nafasi hizo mbili kikazipa kazi ya honi na mvuke. Kasi ya midundo inapangwa na rezista moja upande wa rimoti na nyingine upande wa treni. Zikitofautiana sana, treni itasikia lakini haitaelewa. Sasa wewe mwenye duka unamwambia mteja "chukua hii, ni ya treni pia", umeangalia nini kati ya hayo?

Turudi mezani. Kitu cha kwanza ni betri, maana wengi wetu tunaacha betri ndani ya chombo kisichotumika. Ya rimoti hii ilikuwa ile ya mraba ya volti 9, imevuja, na vibati vyake vimeota ukungu wa kijani na mweupe. Hapa watu huchukua msasa wakakwangua mpaka bati linakwisha. Msasa ni wa mwisho. Betri za alkalaini zinavuja magadi makali, hivyo tone la siki au ndimu kwenye pamba linatosha kuyaua. Zile za bei rahisi, za zinki na kaboni, zinavuja kitu chenye asidi, na hapo ndipo unapotumia magadi ya jikoni yaliyoyeyushwa kwenye maji kidogo. Ukimaliza futa kwa spiriti, acha pakauke, na ndipo upime kwa mita kama umeme unafika kwenye bodi. Mara nyingine waya unaotoka kwenye kibati umeliwa ndani ya ganda lake, kwa nje unang'aa, ukiuvuta unakatika mkononi.

Nilipotia betri mpya, kitaa chekundu cha rimoti kikawaka. Mzee akapiga makofi. Treni haikusogea.

Kitaa kinadanganya watu wengi. Kinaonyesha kwamba umeme wa betri umefika, hakionyeshi kwamba mawimbi yanatoka. Nimeletewa rimoti ambazo mwenyewe anaapa ni nzima kwa sababu "taa inawaka, fundi", kumbe sehemu ya kurushia mawimbi imekufa zamani.

Hapo sasa ndipo utaona faida ya kuletewa treni. Mtoto wa jirani ana gari la rimoti, chini limeandikwa 27. Nikamwita na gari lake. Nikawasha treni ya mzee, nikabonyeza rimoti ya gari. Treni ikastuka, ikaenda mbele! Nikabonyeza kulia: honi. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikawa nimepata jibu ambalo nisingelipata kwa mita peke yake: kipokezi kizima, mota nzima, betri za treni ziko sawa, ubovu uko kwenye rimoti. Kama treni ingekaa kimya, ningeacha rimoti na kuanza kufungua injini. Fundi aliyeletewa rimoti tupu anafanya kazi gizani, na ukimlaumu unamwonea.

Kuna atakayesema, si ungeinunua rimoti ya yule mtoto, mambo yakaisha? Mtoto hakukubali. Gari bila rimoti atalifanyia nini?

Baada ya hapo nilifuata vitufe. Chini ya vitufe vya mpira kuna vidonge vyeusi vya kaboni vinavyogusa njia mbili za bodi. Vikichakaa, vinagusa bila kupitisha umeme. Kuvipima ni rahisi: acha mpira pembeni, gusanisha zile njia mbili kwa ncha ya kibanio. Kama chombo kinafanya kazi hivyo, ubovu ni vidonge, na unaweza kuvipaka unga wa penseli laini au kugandisha kipande kidogo cha karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Ya penseli inadumu kwa muda, ya karatasi ya fedha inadumu zaidi kama gundi haikupanda juu yake. Ya mzee havikuwa vidonge.

Ilikuwa kristali. Hiki ni kikopo kidogo cha bati, saizi ya punje ya hindi, kimechorwa 27.145, na ndani yake kuna kipande chembamba cha jiwe la kwazi kinachotetemeka kwa masafa hayo. Jiwe hilo halipendi kuangushwa, na mzee alikiri kwamba wajukuu waliidondosha kwenye sakafu ya saruji. Kikopo kwa nje hakina hata mkwaruzo. Ukikitikisa karibu na sikio huenda usisikie kitu. Njia ya uhakika ni kubadilisha na kingine chenye namba ile ile, na hapo ndipo boksi langu la skrepa linaponilipa. Nilikuwa na mzoga wa rimoti ya boti la watoto, 27.145, plastiki imepasuka lakini bodi iko sawa. Nikalehemu kristali yake kwenye rimoti ya mzee, haraka, bila kuipasha moto kupita kiasi.

Treni ikaitika, ila kwa karibu tu. Ukirudi hatua chache inasita. Basi nikafungua injini, maana kipokezi cha vichezeo hivi kina koili ndogo yenye kiini cha kuzungusha katikati, na ndiyo inayotegea kituo. Kizungushe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, si kwa bisibisi ya chuma. Chuma kinavuta masafa: unapata sauti nzuri, ukiondoa bisibisi kituo kinahama. Nilizungusha kidogo kidogo, mzee akirudi nyuma na rimoti kuelekea barabarani, mpaka akafika ng'ambo ya mtaro na treni bado inaitika. Watu wa bodaboda wakasimama kutazama.

Na hapa naomba msamaha kwa wasomaji, nitatoka nje ya njia kidogo. Tulipoitandika reli ya mzee mezani niliipima kwa rula, nikapata milimita 45 kati ya reli na reli. Hicho si kipimo cha kubahatisha. Kiwanda cha Lehmann cha Ujerumani kilipoanza kutoa treni zake za LGB mwaka 1968 kilitumia njia ya milimita 45 na kupunguza kila kitu mara 22.5, na wengine wengi, hata wa plastiki, wakafuata upana huo. Zidisha 45 kwa 22.5, unapata 1,012.5. Yaani ni njia ya mita moja, na nyongeza kidogo juu yake. Ni Reli ya Kati hii hii, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Nilipomwonyesha mzee hesabu hiyo kwenye karatasi aliikunja akaitia mfukoni. Anayetaka ya kufanana na SGR, ambayo ni milimita 1,435, atafute treni ndogo za milimita 16.5 zilizopunguzwa mara 87, hesabu inakubali karibu kabisa. Haya, nimerudi.

Mama wa Kigoma hakusema treni yake ni ya aina gani. Ukiona kwenye pua ya rimoti pana kijitaa cha kioo, wa namna ya rimoti ya televisheni, basi haitumii redio, inatumia mwanga usioonekana kwa macho. Iwashe mbele ya kamera ya simu, hasa ile ya kujipigia picha, na ubonyeze. Ukiona kijitaa kinameta kwenye kioo cha simu, rimoti inatoa mwanga. Fundi wa zamani atakwambia pia uisogeze karibu na redio ya AM iliyo kati ya vituo: ukibonyeza utasikia redio inakoroma. Na kabla hujasema imekufa, ijaribu ndani ya nyumba. Jua letu la saa sita, Tabora au Kigoma, linajaza kipokezi mpaka hakioni kitu. Nimeletewa treni "mbovu" ambayo ugonjwa wake ulikuwa kuchezewa uani. Aina hii ina bahati moja: kama rimoti bado inafanya kazi, hata kwa kusitasita, kuna rimoti za kujifunza zinazoweza kunakili mwanga wake. Subiri mpaka ife kabisa na nafasi hiyo imepotea.

Zile zinazopata umeme kupitia reli ni habari nyingine. Huko hakuna rimoti ya kutafuta, kuna boksi lenye kitasa na transfoma, na boksi likifa unaweza kutumia chanzo kingine cha umeme wa moja kwa moja chenye volti zinazotakiwa, ukigeuza waya treni inarudi nyuma. Ila kama ililetwa kutoka Marekani, transfoma yake ni ya volti 120, ukiichomeka kwenye 230 zetu moshi utakaouona hautakuwa wa mvuke. Na usilifungue boksi hilo likiwa limechomekwa ukutani.

Rimoti ikipotea kabisa, au bodi ikiwa imeoza, hapo tunazungumzia kubadilisha. Lakini ni kubadilisha vyote viwili, cha mkononi na cha tumboni. Chaguo la kwanza ni kuhamisha bodi mbili za gari bovu la mtoto ambalo rimoti yake ipo. Hili nalipenda kwa sababu linatumia takataka, ila lina mtego. Injini inayovuta mabehewa inakula umeme kuliko kigari, na transista nne zinazogeuza mota mbele na nyuma zikizidiwa zinachemka mpaka zinanuka. Mimi huweka mita kwenye waya wa mota, nashika gurudumu lisizunguke kwa sekunde moja, nasoma ampea, ndipo naamua. Chaguo la pili ni seti mpya za gigahezi 2.4, kipokezi na rimoti vinavyouzwa pamoja. Hizi hazina kristali ya kuchagua, zinatambuana zenyewe ukiziwasha mara ya kwanza, na treni mbili zinaweza kukimbia chumba kimoja bila kuingiliana, jambo ambalo mbili za 27.145 haziwezi.

Chaguo la tatu watu hulidharau. Mama mmoja mwenye kituo cha kulelea watoto alikuja na treni isiyo na rimoti kabisa. Nikatoa bodi yote, nikafunga swichi ya miguu sita yenye kituo katikati, waya za miguu ya pembeni nikazipishanisha msalaba: juu mbele, chini nyuma, katikati simama. Inakaa juu ya paa la injini. Watoto wenyewe wanainama wanaibonyeza, na kwa wadogo nadhani ni bora kuliko rimoti, maana rimoti humezwa na kochi.

Wapo wanaoniomba niongeze nguvu ya rimoti ifike mbali, mpaka mtaa wa pili. Hapana. Antena ya haki ya megahezi 27 ingekuwa karibu mita 2.8, ya rimoti ni fupi na koili ndani inajazia, ndivyo ilivyopangwa iishie uani. Masafa nchi hii yana msimamizi, ni TCRA, na kibanda changu hakina ugomvi naye.

Sasa nina neno na wenye maduka. Kuna duka hapa mjini, jina nalihifadhi, lilipokea mzigo wa vichezeo ambavyo baadhi vilifika vimevunjika. Nilikwenda nikaomba nivinunue vile vibovu kwa bei ya skrepa. Kijana wa dukani akasema tajiri hataki, vikatupwa. Nilivikuta dampo vimeshanyeshewa. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na kristali, chipu, mota, rimoti kamili. Kila anayeambiwa "hatuuzi rimoti peke yake" angeweza kusaidiwa na mzoga mmoja wa aina hiyo. Sielewi hasara yao iko wapi. Kichezeo kibovu kikiuzwa kwa fundi hakizuii kipya kuuzwa, anayetaka kipya atanunua tu.

Ulaya mwaka 2024 walipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa, inayowabana watengenezaji wa mashine za kufulia, majokofu, simu na vingine vya namna hiyo. Vichezeo havimo. Kwa hiyo hata huko mama mwenye treni ya mtoto hana wa kumbana, naye atabaki na fundi wake. Sisi hatuhitaji kusubiri sheria ili muuzaji aandike kwenye stakabadhi masafa ya kitu alichouza. Namba yenyewe iko nyuma ya rimoti, na kalamu anayo.

Na ninyi vijana wa ufundi, nawaona mmejipanga kwenye simu tu. Simu zinalipa, sikatai. Lakini mtu akikuletea treni usimwambie "hii imekwisha" kabla hujaifungua. Kichezeo cha 27 kina vipande vichache kuliko chaja nyingi mnazotengeneza kila siku, na koili yake inaonekana kwa macho bila lenzi. Anayetaka kujifunza aje, kibanda kiko wazi, chai anajilipia mwenyewe.

Mama, kama Kigoma hukupata fundi mwenye subira, Tabora si mbali, treni inakuja. Weka treni na rimoti katika boksi moja, pamoja na kipande kimoja cha njia yake. Andika kwenye karatasi mara ya mwisho ilifanya nini: iliacha ghafla, au ilianza kusitasita, au ilidondoka. Kama mtoto ndiye aliyeidondosha, muulize bila kumchapa, atasema ukweli na utanipunguzia kazi. Skrubu zilizotoka ziweke kwenye kifuniko cha soda ukifunge kwa gundi ya karatasi. Betri zitoe zote, za treni na ya rimoti, kabla hujafunga boksi.

Fundi redio, mstaafu wa reli
Isevya, Tabora